Kukokotoa tofauti ya awamu kati ya mawimbi ya sauti yanayoakisiwa: mwongozo kamili kwa tepu, kipimajoto na kikokotoo

Ukumbi ulikuwa mpya, sakafu ya vigae inang'aa, spika nzuri juu ya stendi. Mshereheshaji, mwanamume mwenye sauti nzito, akashika maiki, na safu ya mbele ikamsikia kama anaongea kutoka ndani ya kopo. Nilibadilisha maiki. Nikabadilisha waya. Nikapandisha besi kwenye mikisa mpaka waliokaa nyuma wakaanza kugeuka kunitazama, na mbele bado kopo. Fizikia nilisoma hadi kidato cha sita, lakini usiku ule haikunijia hata kidogo kwamba jibu liko sakafuni, na kwamba ningelipata kwa hesabu ya dakika tano.

Hesabu hiyo ndiyo hii. Nitatumia vipimo vya mfano vinavyofanana na vya ukumbi ule, kwa spika moja tu, ili tarakimu zisitukimbie. Unahitaji tepu ya fundi, kipimajoto, na simu yenye kikokotoo cha kisayansi.

Awamu ni nini hapa

Sauti ni mgandamizo wa hewa unaopanda na kushuka. Kupanda, kushuka na kurudi pale ulipoanzia ni mzunguko mmoja, nao tunaugawa katika nyuzi 360 kama duara. Mawimbi mawili ya masafa yaleyale (yaani idadi ileile ya mitetemo kwa sekunde) yakifika sikioni, moja linaweza kuwa limechelewa nyuma ya jingine kwa sehemu ya mzunguko. Sehemu hiyo, ikisemwa kwa nyuzi, ndiyo tofauti ya awamu. Ikiwa 0 au 360, vilele vinakutana na vilele na sauti inaongezeka. Ikiwa 180, kilele kinakutana na bonde na mawimbi yanafutana.

Mafundi wengi husema "fezi", neno lilelile la umeme wa fezi tatu. Mimi nitasema awamu, kama vitabu.

Hatua ya 1: pata kasi ya sauti ya mahali ulipo

Usikariri 340 tu. Kasi ya sauti hewani hufuata joto, na kwa joto la kawaida la kwetu kanuni hii inatosha:

c = 331.3 + 0.606 × T

T ni joto kwa selisiasi, c ni mita kwa sekunde. Ukumbini kulikuwa na nyuzi joto 29, kwa hiyo c = 331.3 + 17.6, karibu 349.

Wapo wanaodhani sauti huenda polepole Nairobi kwa sababu mji uko juu na hewa ni nyepesi. Wepesi wa hewa peke yake haubadilishi kasi, kwa kuwa mgandamizo na uzito wa hewa hupungua pamoja. Kinachobadilisha ni ubaridi. Jioni ya nyuzi joto 20 Nairobi sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde, na mchana wa nyuzi joto 30 Mombasa huenda karibu 349.5.

Hatua ya 2: pima njia, kwa ujanja wa kioo

Spika iko mita 1.8 juu ya sakafu. Msikilizaji wa safu ya mbele amekaa, sikio lake liko mita 1.2. Umbali wa mlalo kati yao ni mita 4.

Njia ya moja kwa moja ni pembetatu mraba ya kawaida. Tofauti ya kimo ni 0.6, kwa hiyo:

d = √(4² + 0.6²) = √16.36 = mita 4.045

Njia ya sakafuni ndiyo huwachanganya watu. Wanaanza kutafuta sauti inagonga kigae kipi, wakati haina haja. Fikiri sakafu ni kioo. Ukitazama kioo hicho ukiwa umekaa kitini, utaiona spika ya pili chini ya sakafu, mita 1.8 kwenda chini. Sauti inayoakisiwa hutembea umbali uleule ambao ingetembea kutoka kwenye spika hiyo ya kiooni, mstari mnyoofu hadi sikioni. Kimo kati ya hizo mbili ni 1.8 + 1.2 = 3.0, kwa hiyo:

r = √(4² + 3²) = √25 = mita 5.000

Kwa njia ya moja kwa moja unatoa vimo, kwa njia ya sakafuni unavijumlisha. Hilo tu ndilo la kukumbuka. Tofauti ya njia ni 5.000 − 4.045 = mita 0.955.

Hatua ya 3: geuza mita kuwa nyuzi

Urefu wa wimbi ni kasi gawanya kwa masafa. Tuchukue hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde:

349 ÷ 250 = mita 1.396

Mita 0.955 ni mawimbi mangapi ya urefu huo? 0.955 ÷ 1.396 = 0.684. Zidisha kwa 360 upate nyuzi 246. Kwa mstari mmoja, φ ikiwa tofauti ya awamu kwa nyuzi na f masafa kwa hezi:

φ = 360 × f × (r − d) ÷ c

Jibu likizidi 360, ondoa 360 mpaka libaki chini yake. Kwa hezi 1,000 utapata 985. Ondoa 720, inabaki 265. Mizunguko mizima haihesabiki kwa sauti inayoendelea bila kukatika, kama saa ya ukutani isivyokwambia ni siku gani. (Anayetaka radiani azidishe nyuzi kwa π na kugawanya kwa 180.)

Swali ambalo fundi hulihitaji zaidi ni la kinyume: ni masafa yapi yatafutana hapa? Yale yanayofanya tofauti ya njia iwe nusu ya wimbi:

f = c ÷ (2 × tofauti ya njia) = 349 ÷ 1.91 = hezi 183

Kisha mara tatu yake, mara tano yake, na kuendelea: 548, 914. Katikati yake, kwenye 365 na 731, sauti inaongezeka. Ukichora utaona umbo la meno ya kitana. Sasa sikiliza hezi 183 iko wapi: pale hasa ambapo sauti ya mwanamume hupata unene wake. Kopo lilianzia hapo.

Hatua ya 4: je, ukuta wenyewe unaongeza nyuzi 180?

Hapa ndipo nimeona majibu mengi yakiharibika, yangu yakiwamo. Shuleni tulionyeshwa kamba iliyofungwa ukutani. Ukituma nundu ya juu, inarudi ikiwa ya chini, kwa hiyo "mwakisiko kwenye kitu kigumu huongeza nyuzi 180". Tukaandika daftarini, na kila tulipoona ukuta tukaongeza 180.

Lakini sikio na maiki ya kawaida havipimi mwendo wa chembe za hewa. Vinapima mgandamizo. Fikiria daladala iliyojaa, abiria wa mlangoni akisukuma. Msukumo unapita mtu kwa mtu mpaka kwa yule aliyebanwa kwenye bodi upande wa pili. Yeye hana pa kwenda, kwa hiyo anabanwa kuliko wote, na mbano unarudi kwa aliyemsukuma ukiwa mbano uleule. Haugeuki kuwa nafasi. Hewa kwenye ukuta mgumu hufanya vivyo hivyo: mgandamizo unarudi mgandamizo, bila kugeuka. Kinachogeuka ni upande wa mwendo wa chembe, na hicho ndicho kinacholingana na ile kamba.

Kwa hiyo kwa zege, vigae, kioo na ukuta wa tofali uliopigwa plasta, kwa sikio au maiki, ongeza sifuri.

Usiniamini bure, jaribu mwenyewe. Weka spika ndogo mita mbili au tatu kutoka ukutani, ikitazama ukuta, icheze mlio wa hezi 500 kutoka kwenye programu yoyote ya kutoa milio. Chukua simu nyingine yenye programu ya kupima ukubwa wa sauti, ibandike ukutani kwa upande wa maiki yake, kisha irudishe nyuma taratibu. Ukutani kabisa sauti ni kubwa. Inashuka, na inakuwa ndogo kabisa karibu sentimita 17.5 kutoka ukutani. Inapanda tena, na shimo la pili liko kama sentimita 52. Sentimita 17.5 ni robo ya wimbi, kwenda na kurudi ni nusu, yaani nyuzi 180 kutokana na umbali peke yake. Kama ukuta ungeongeza 180 zake, ukimya ungekuwa ukutani penyewe na kelele kwenye 17.5. Sio hivyo. Chumba chenye mwangwi mwingi kitachafua vipimo kidogo, lakini tofauti ya kubwa na ndogo utaisikia hata kwa kuweka sikio lako mwenyewe.

Mahali ambapo kweli unaongeza 180 ni pale sauti inapotoka kwenye kitu kigumu kusukumwa kuelekea kilicho laini. Alama inatokana na hesabu hii:

R = (Z2 − Z1) ÷ (Z2 + Z1)

Z ni ukinzani wa kitu kwa sauti: Z1 ni wa kule wimbi linakotoka, Z2 ni wa kule linakogonga. Hewa ina kama 413, maji kama 1,480,000, kwa vipimo vilevile. Sauti iliyo hewani ikigonga maji, R ni karibu +1, kwa hiyo haigeuki. Sauti iliyo ndani ya bahari ikigonga uso wa maji kutoka chini, R ni karibu −1, inageuka nyuzi 180. Ndiyo maana chombo cha kusikilizia kilicho majini karibu sana na uso hupata sauti hafifu. Mdomo ulio wazi wa filimbi nao hurudisha mgandamizo ukiwa umegeuka.

Sponji, godoro na pazia zito viko katikati: vinapunguza sauti na kuisogeza kwa nyuzi zinazobadilika kila masafa, na tepu peke yake haiwezi kukupa idadi hiyo. Lakini usihofu kila kitambaa. Zulia la sentimita moja mbele ya wimbi la mita 1.9 ni sawa na halipo. Kwa masafa ya chini lihesabu kuwa sakafu tupu. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani nazo ni vivyo hivyo, ingawa najua kuna watakaonuna.

Na kabla ya kulaumu jengo, angalia waya. Waya za spika moja zikipishana, chanya ikaingia hasi, spika hiyo imeongezewa 180 kwa masafa yote kwa pamoja. Huo si ucheleweshaji, na hauonyeshi meno ya kitana kwa mwendo ule tuliouona.

Hatua ya 5: sauti mbili zilizoakisiwa, moja kwa nyingine

Kushoto kuna ukuta mgumu, mita 2 kutoka kwa spika na mita 2 kutoka kwa msikilizaji. Kioo tena: spika ya kiooni iko mita 4 kando ya msikilizaji.

w = √(4² + 0.6² + 4²) = √32.36 = mita 5.689

Sakafu ilitupa 5.000. Tofauti ya hizo mbili ni 0.689, na kwa hezi 250:

360 × 0.689 ÷ 1.396 = nyuzi 178

Karibu kabisa na 180. Kwa hezi 250, sakafu na ukuta wanagombana wenyewe kwa wenyewe na kuiacha sauti ya moja kwa moja ipite kama vile iko uwanjani.

Zote mbili ziligonga sehemu ngumu, kwa hiyo nyuzi za mwakisiko ni sifuri kwa sifuri. Hata kama ungekosea ukaongeza 180 kwa kila moja, zingefutana, na hili ndilo linalofanya kosa la Hatua ya 4 lisionekane kwenye maswali mengine ya mtihani. Linajitokeza pale unapolinganisha sauti iliyoakisiwa na ile ya moja kwa moja, au iliyogonga mara moja na iliyogonga mara mbili.

Hatua ya 6: nyuzi zinaleta desibeli ngapi

Sauti hupungua kadiri inavyosafiri: umbali ukiongezeka mara mbili, kimo cha wimbi hupungua nusu. Tukiipa sauti ya moja kwa moja kimo 1, ya sakafuni itakuwa 4.045 ÷ 5.000 = 0.81, na ya ukutani 4.045 ÷ 5.689 = 0.71. Kwa mawimbi mawili, a na b:

A = √(a² + b² + 2ab × cos φ)

Moja kwa moja na sakafu, hezi 183, cos 180 ni −1. A = 1 − 0.81 = 0.19. Kwa desibeli, 20 × log 0.19 ni karibu −14. Hilo ni shimo la kweli. Kwa hezi 365 A ni 1.81, yaani ongezeko la desibeli 5.

Mawimbi yakiwa matatu, kila moja ligawe katika sehemu mbili, kimo × cos φ na kimo × sin φ, jumlisha za cos peke yake na za sin peke yake, kisha kipeuo cha pili kama kawaida. Nilipoingiza ukuta kwenye hezi 183, awamu yake dhidi ya sauti ya moja kwa moja ni nyuzi 310, na jumla ya zote tatu ni 0.85. Shimo la desibeli 14 limekuwa desibeli moja na nusu tu! Ukuta unaolaumiwa ndio unaoifichia sakafu aibu. Hamishia spika hiyohiyo katikati ya ukumbi mpana, mbali na kuta, na kopo linarudi. Ukumbi wangu ulikuwa mpana.

Hatua ya 7: hakiki

Njia ya haraka: laza maiki sakafuni. Kimo kikiwa sifuri, kutoa na kujumlisha kunaleta jibu moja, njia zinakuwa sawa, tofauti ya awamu ni sifuri kwa masafa yote. Shimo la 183 likitoweka maiki ikiwa imelala na kurudi ukiisimamisha mita 1.2, mkosaji ni sakafu.

Njia ya pili ni kupima ucheleweshaji wenyewe. Weka simu au kompyuta pale sikio la msikilizaji lilipo, irekodi sampuli 48,000 (vipimo vidogo vya sauti) kwa sekunde, mtu asimame pale spika ilipo agonge vibao viwili vikavu mara moja kwa kimo kilekile cha spika. Fungua rekodi kwenye programu kama Audacity, vuta karibu, hesabu sampuli kati ya mlio wa kwanza na unaofuata. Hesabu yetu inasema 0.955 ÷ 349 = sekunde 0.00274, yaani sampuli 131. Ukishapata muda huo t kwa kipimo, awamu ni 360 × f × t, na hukuhitaji tena kipimajoto.

Mpaka wa kuamini hesabu

Kosa la sentimita moja kwenye tofauti ya njia ni nyuzi 2 tu kwa hezi 183. Kwa hezi 5,000 ni zaidi ya nyuzi 50. Joto nalo: ukitumia kasi ya nyuzi joto 20 wakati ukumbi una 29, jibu la hezi 5,000 linahama karibu nyuzi 79, na kwa 183 linahama nyuzi 3. Mimi siandiki awamu yoyote ya juu ya hezi 1,000 kwa tepu. Hapo juu mtu akigeuza kichwa tu hesabu yako imekwisha.

Sasa unafanya nini na jibu

Kupandisha ikwalaiza hakusaidii. Ukiongeza 183, unaongeza sauti ya moja kwa moja na ya sakafuni kwa kiasi kilekile. Zinaendelea kufutana pale mbele, huku zikiwavimbia wengine. Safu ya pili, mita 5 kutoka kwenye spika, ina njia za 5.036 na 5.831, na shimo lake liko hezi 220. Kila safu na shimo lake, ndiyo maana wa nyuma walinigeukia.

Unachoweza kubadilisha ni vimo. Pandisha spika hadi mita 2.4: njia ni 4.176 na 5.381, tofauti 1.205, shimo la safu ya mbele linashuka hadi hezi 145. Ishushe hadi mita 0.6 na shimo linapanda hadi karibu hezi 512, lakini sasa vichwa vya safu ya mbele vinawaziba wa nyuma. Wiki iliyofuata nilirudi ukumbini na stendi ndefu zaidi, nikainamisha spika ili mdomo wake uwatazame watu badala ya vigae, hasa waliokaa mbele. Mshereheshaji alikuwa yuleyule. Safari hii alilalamikia kiyoyozi.